Feni ya jiko imekula mlenda wa mama

Leo feni ya jiko imekula mlenda wa mama yangu, na aliyechekwa ni mimi.

Jiko la umeme la shangazi hapa Dodoma lina feni katikati yake, inavuta mvuke kwenda chini. Mama alinipa mlenda wa unga kutoka kijijini kwetu Haneti, majani makavu aliyoyatwanga mwenyewe, niwapikie wageni wa shangazi.

Shangazi akasema, "Washa feni mpaka mwisho, nyumba isinuke kama kijijini."

(Na yeye kakulia mlenda huohuo!)

Nikawasha. Maji yalipochemka nikanyunyiza unga kama nyumbani. Wote ukavutwa na feni.

"Msimshangae," shangazi akawaambia wageni, "kazoea mafiga."

Wakacheka.

Jioni mama kapiga simu. "Mwanangu, wameupenda?"

Nikamwambia wameupenda sana.

Nyie mngemjibu nini?