Kahawa ya Tapkigen Haitemwi

Tapkigen hakujua kilichomuudhi zaidi, kule kufyonza kahawa kijikoni, fyuu, kama ng'ombe mwenye kiu, au kule kutema. Kijana alivuta kahawa, akafumba macho, akainamia ndoo. Ptu! Akasogelea kikombe cha pili. Ptu!

"Simama hapo hapo," Tapkigen akasema.

Kijana huyo, Mabonga, ndiye mwonjaji wa mnunuzi wa kahawa hapa mjini Eldoret. Akainua kichwa, kijiko mkononi.

"Umetema nini?"

"Kahawa, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kahawa ya nani?"

Cherono, mke wa mwanawe, alimvuta shuka. "Mama, tafadhali."

"Wachana na shuka yangu! Nimemuuliza yeye."

Tapkigen ana miaka sabini na minne, na kahawa anaijua tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mama yake alikuwa kibarua katika shamba la Mzungu upande wa Kitale. Siku moja nyapara alikuta matunda manne mabichi kwenye debe la mama. Alitema mate ndani ya debe, mbele ya watu wote, akaenda zake, na mama akabaki anaosha tunda moja moja huku akilia. Tapkigen alikuwa wa miaka sita. Mate hayo anayaona mpaka leo.

Alipopata miti yake mwenyewe huko kijijini Ziwa, miaka yote mazao yake yalimwagwa kwenye lundo la sosaiti, chama cha wakulima. Yake yameiva mekundu, ya jirani ni ya kijani, yote yakaitwa kahawa tu. Mwaka huu mnunuzi akasema atachukua kahawa ya kila familia peke yake, na jina la mwenyewe kwenye gunia, mradi mwonjaji aipitishe. Ikikataliwa, inarudi lundoni. Basi Tapkigen alichuma kwa mikono yake, akaanika kwenye vitanda vya wavu, akapata magunia matatu. Na sasa hiyo kahawa, kikombe kimoja kwa kila gunia, inaingia ndooni!

"Mama, kwa siku naonja vikombe sitini," Mabonga akasema. "Nikimeza vyote, silali."

"Usilale basi! Mimi nililala, nikiigeuza na kuifunika? Kwetu mzee anakutemea mate akikubariki. Wewe ni mzee wa nani? Hata ndevu bado."

Nelima, karani wa ofisi, akaangua kicheko.

"Na wewe unacheka nini? Cherono, beba mkoba. Twende."

"Tukienda, mama, inarudi kwenye lundo."

Hapo Tapkigen akasimama mlangoni. Akarudi mezani, akaegemea ngumi zake.

"Haya, meza. Vyote vitatu, nikikuangalia."

Mabonga aliitazama ndoo, akamtazama Tapkigen, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu. Akameza cha kwanza. Akasema ina uchachu wa pesheni na inaacha utamu kama wa miwa. Cha pili, vilevile. Cha tatu alikaa nacho mdomoni, akakimeza kwa shida.

"Gunia hili lina ukungu, mama. Kahawa yake ilinyeshewa ikikaribia kukauka."

"Uongo!"

"Mara moja tu. Lakini ilinyeshewa."

Tapkigen alifungua mdomo amtukane, akakumbuka. Ile Alhamisi mvua iliponyesha alikuwa mpakani mwa shamba, mikono kiunoni, akimfokea jirani yake Phineas juu ya ng'ombe waliovunja ua. Wingu aliliona. Lakini alikuwa hajammaliza Phineas.

Cherono alikuwa anaangalia sakafu. Kule kukwepa macho yake kulimuuma Tapkigen kuliko yale mate.

"Toa hilo," akasema kwa ukali uleule. "Lipelekwe lundoni. Yale mawili andika Tapkigen. Usithubutu kuandika jina la marehemu mume wangu. Huyo hakuwahi kuchuma hata tunda moja!"

"Tapkigen," Mabonga akasema, akaandika.

Nje kwenye ngazi akamgeukia Cherono. "Na wewe! Mbona hukuniambia kahawa imeharibika?"

"Nilikuambia, mama. Ulisema jua litaitengeneza."

Tapkigen akajifunga shuka upya, akatangulia kushuka. Hasira ilikuwa bado tele, lakini safari hii hakupata mtu wa kummwagia.