Saa Moja ya Mwalimu Dakika

Wanafunzi walimpachika jina Dakika, na lilimkaa kweli. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha hisabati, hakuwahi kuchelewa kipindi hata kimoja. Mama yake, aliyeishi mbali kwa binti yake, aliwasimulia majirani sifa hiyo mpaka wakamchoka.

Siku hiyo alikuwa na darasa la mtihani, maswali ya umbali, kasi na muda. Akafoka kama kawaida yake. "Usichokijua kiite m, kisha ukitafute! Na nikimwona mtu anajumlisha kasi mbili na kugawa kwa mbili, namrudisha chekechea. Kila kipande cha njia kina muda wake, jamani!"

Saa tano na nusu, akiwa ofisini na chaki bado mkononi, simu ikalia. Ni dada yake mdogo, kutoka hospitali.

"Kaka, mama amezidiwa. Anaingia upasuaji saa kumi na nusu. Anataka akushike mkono kwanza."

Akapiga hesabu ya njia. Kilomita mia na themanini: tisini za lami, tisini za vumbi na mashimo. Pikipiki yake ilikwenda tisini kwa saa kwenye lami, thelathini kwenye vumbi. Akaandika kwa chaki pembeni mwa meza, akajumlisha, akagawa kwa mbili, akapata sitini. Safari ya saa tatu. Loh! Mganga hajigangi. Alichowakataza watoto wa watu asubuhi ileile, alikifanya mwenyewe bila kupepesa macho.

"Mwambie mama natoka saa saba. Saa kumi kamili nipo."

Angeweza kuondoka palepale, masikini. Hakuna ambaye angemzuia. Akarudi darasani kumalizia maswali yaliyobaki, kwa kuwa muda anao.

Lami iliisha saa nane kamili. Alipopunguza mwendo kuingia kwenye vumbi ndipo akili ikamrudia. Zimebaki kilomita tisini, kwa thelathini kila saa. M ni saa tatu, si mbili. Alipiga ukelele ndani ya kofia yake. Akatoa simu, mtandao hakuna. Akaongeza mwendo, gurudumu la nyuma likateleza, nusura limtupe mtaroni, ikabidi alegeze. "Mjinga wewe," alijiambia njia nzima. "Mjinga mkubwa wewe."

Alifika saa kumi na moja. Dada yake alikuwa ameketi sakafuni nje ya chumba cha upasuaji, kanga ya mama mapajani. Alipomwona, alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Moyo wa mama umesimama, kaka. Hata kupasua hawajaanza. Walikuwa wamempa dawa ya usingizi tu."

Akaketi kando yake na vumbi lake lote. Akauliza kama mama alisema chochote.

"Usiniulize hilo."

"Niambie."

"Ilipofika saa kumi akaanza kutazama mlango. Nikamwambia labda ni pancha. Hakutaka kusikia. Walipokisukuma kitanda akanishika mkono, akasema, 'Huyu hachelewi. Mwanangu kafa njiani, na nyinyi mnanificha.'" Dada alijifuta macho kwa kanga. "Ameingia mle ndani anakulilia wewe, kaka."