Mnyamwezi Hatembei Mikono Mitupu

Mimi si mtu wa kufundishwa furaha. Darasa la nne nililiachia njiani nikaingia pori la huko Igalula kutundika mizinga, na asali ndiyo iliyonijengea nyumba hii ya Chemchem, hapa Tabora mjini, matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya ujue kwamba aliyekuja kunifundisha kutembea alijitwika kazi.

Aliyekuja ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, muuguzi Dar es Salaam. Mama yake alipofariki nilifunga mlango. Sikuugua, nilikaa tu ndani. Mizinga nikawaachia watoto wa kaka yangu, kanisani nikawa siendi, chakula nakula nikikumbuka. Binti alipokuja kunitazama akakuta suruali inanipwaya kama imeanikwa kwenye kigingi. Akasema nitahamia kwake. Nikasema sihami. Mke wangu kazikwa hapa, jasho langu liko hapa, na huko kwao watu wanalala wamepangwa juu kwa juu kama nyuki kwenye masega.

Tulibishana hadi sauti zikatukauka. Mwishowe akaweka sharti. Alisema wataalamu wamewachunguza watu wanaoishi kwa raha na wakaona si mali peke yake, ni vitu vidogo vya kila siku. Kutoka nje ukapata jua na kutembea. Kuongea na mtu ana kwa ana. Kumfanyia mwenzako jambo dogo. Na jioni, kukitaja kwa sauti kilichokwenda vizuri. Nikamuuliza kama hayo ndiyo aliyoyasomea miaka yote ile, maana hata mbuzi anajua kuota jua.

"Anajua, baba, na anatoka nje kuliota," akanijibu. "Wewe hutoki. Mwisho wa kiangazi narudi. Nikikukuta hivi hivi, tunaondoka wote."

Basi nikaanza, si kwa kuamini, bali kwa kuigombea nyumba yangu.

Kutembea kukanishinda mapema. Si miguu, miguu ninayo. Huku kwetu mtu mzima akitembea hana mzigo wala shughuli, anatia watu wasiwasi. Babu zetu walikwenda hadi pwani kwa miguu na kurudi, lakini begani kulikuwa na pembe za ndovu, na kila hatua ilikuwa na sababu. Mimi naulizwa, "Mzee, wapi?" nasema natembea tu, watu wanatazamana. Kuna mama mmoja alinishika mkono kwa upole akaniuliza kama nyumbani wanajua nimetoka. Kesho yake nikabeba dumu tupu la asali. Nakuambia, hakuna aliyeniuliza tena. Wakaona mzee anakwenda kutafuta kitu. Nikawa nalipeleka dumu langu mtaa wa Kanyenye na kulirudisha, kila asubuhi, kama mwendawazimu mwenye adabu.

Hapo Kanyenye ndipo mtani wangu aliponikamata. Ni bibi wa Kizaramo anayekaanga vitumbua. Mume wake alikuwa wa reli, ndiye aliyemleta Tabora, akamwacha hapa mjane, naye akazeekea hapa hapa. Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walifika kwao wamechoka, wakakaa, wakatukanana hadi wakawa ndugu. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na wewe unacheka, na ukifiwa ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa wasife nao.

Akaniita. Akalichukua dumu, akalitikisa, akawageukia wateja wake.

"Tupu," akatangaza. "Mnamwona? Mnyamwezi ukimwacha mikono mitupu anaanguka. Kazoea kubeba, maskini."

Nikamwambia kuna watu wao hawakuzoea hata hilo. Walikaa pwani wamekunja miguu, wakisubiri sisi tulete.

Wateja wakacheka, nami nikacheka. Kicheko kilitoka na kutu, nikashtuka kukisikia. Tangu mazishi kilikuwa hakijatoka.

"Kama unataka mzigo, si useme," akaniambia, sasa kwa sauti ya chini. Goti lake lilikuwa limekataa kazi, na mchele wa vitumbua lazima upelekwe mashineni kusagwa kila asubuhi. "Kesho uje, mpagazi wangu. Malipo kitumbua. Cha jana."

Nikaenda. Nilijiambia ni ili nimjibu tusi lake, maana usiku kucha nilikuwa nimepata mengine mazuri zaidi. Kesho yake akawa na la kwake jipya, ikabidi nirudi tena. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Mashineni foleni ni ndefu, akina mama wananiita baba, tunaamkiana mwangaluka, habari za mvua, habari za mahindi. Jua linanikuta nje bila mimi kulitafuta. Nikirudi na unga begani, njaa nayo inarudi nami.

Kilichonisumbua ni kile cha jioni, kusema kwa sauti peke yangu ndani ya nyumba. Mara ya kwanza nilisema, "Leo mvua haikunyesha." Ilikuwa katikati ya kiangazi. Nikajicheka. Lakini mdomo ukizoea unatafuta wenyewe. Nikashukuru kwa nsansa yenye karanga aliyoniletea jirani, mboga ile kavu aliyokuwa akiipika mke wangu nami nikijifanya siipendi. Nikashukuru kwa bega ambalo bado linabeba. Jioni moja nikajikuta nashukuru kwa kuwa mwanamke yule alikubali kuolewa na kijana anayenuka moshi wa nyuki, hana kitu, akakaa naye mpaka akawa nacho. Maisha yangu yote sikuwahi kulisema hilo. Nilidhani nyumba nimejenga peke yangu.

Kiangazi kikaisha, binti akaja bila kupiga simu. Akakuta kufuli mlangoni, akakimbilia kwa jirani. Jirani akamwelekeza Kanyenye. Akanikuta barabarani na mfuko begani, baba yake mzazi, kama kibarua wa sokoni. Alinifuata hadi kwenye kikaango, uso umekaza.

"Shikamoo bibi. Huyu ni baba yangu. Kwa umri wake alipaswa kupumzika."

"Marahaba mwanangu. Alipumzika, ukaona alivyokuwa." Bibi akakigeuza kitumbua bila haraka. "Mimi ni mtani wake. Unataka kumchukua, mchukue, ila uniletee Mnyamwezi mwingine. Na asiwe mlafi kama huyu, ananitia hasara."

Binti yangu ni Mnyamwezi, anajua mtani hajibiwi kwa hasira. Akakaa kwenye kigoda. Akanitazama nikila, kitumbua baada ya kitumbua, muda mrefu, kwa jicho lile la wodini. Kisha akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia.

Namshukuru binti yangu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi, si mimi. Kile alichokisomea kinafanya kazi, hata kwa mkaidi. Alichokosa ni kitu kimoja tu, kujua kwamba mimi siwezi kutoka nje kwa ajili yangu mwenyewe. Namshukuru na Mzaramo, ingawa yeye neno hilo hatalisikia kinywani mwangu.

Stesheni binti alipanda treni peke yake. Kabla ya kuingia aliniuliza, nikianza tena kujifungia, nani atajua? Nikamwambia nikikosa asubuhi moja tu, yule bibi atanitangaza mji mzima.

"Basi nipe namba yake," akasema.

Nikampa. Siku hizi anampigia yeye, si mimi. Wanazungumza habari zangu, nimekula nini, nimelalaje, nami nimesimama pale pale na mfuko begani, na mara nyingine mpaka wanaagana simu sijapewa.