Dakika Mbili Alizopewa Mwalimu

Shule niliiacha darasa la sita, na leo nina magari matatu ya kuhamisha watu vyombo, jina langu ubavuni. Nasema haya kwa sababu siku ile ya mashindano mwamuzi alinitazama kama mtu asiyejua kuhesabu hadi mbili.

Sataranji nilifundishwa huku ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, kwenye stoo ya duka la mzee mmoja Mhindi wa Mombasa, enzi nikimbebea magunia ya mchele. Kwake mchezo ulifunguliwa namna moja tu: unasukuma askari wawili kwa mkupuo, kila mmoja hatua moja. Kwa namna hiyo nimewafunga hata madaktari, palepale stoo.

Basi nikajiandikisha mashindano ya Lewisham, yangu ya kwanza, mtoano, ukifungwa unakwenda zako. Kule kwa kinyozi wangu Woolwich nilikuwa nimeshatangaza kwamba kikombe kitakaa pale kwenye kioo.

Nikapangiwa mwalimu wa hesabu. Nikasukuma askari wangu wawili, nikagonga saa inayohesabu muda wa kila mmoja, maana ukikuishia umefungwa. Jamaa akainua mkono kama mtoto darasani. Mwamuzi akaja, akamrudisha askari wangu mmoja nyumbani, kisha, sikilizeni dhuluma hii, akamwongezea mwalimu dakika mbili kwenye saa yake, ati ndiyo adhabu yangu. Nikamwambia huo ndio ufunguzi wetu. Akajibu kwamba hapa ni zamu moja, kete moja.

Nilicheza kwa hasira, lakini nilicheza. Nilimla farasi, nilimbana mfalme wake pembeni mpaka masikio yakamwiva. Akaja kunifunga saa yake imebakiza dakika moja. Moja! Zitoe zile mbili za bure uone nani angekwenda nyumbani.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Thornton Heath. Mzee alikuwa akipanga bamia. Nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakuniambia.

"Wewe ulikuwa na nusu saa ya chakula, bwana," akasema. "Tungeanza polepole, magunia angebeba nani?"

Kumbe ufunguzi wangu ulikuwa wa kuniwahisha kazini! Nikamwambia alete ubao. Akacheka, akasukuma wawili, kama kawaida yake. Nikamrudisha mmoja, nikaweka simu mezani ihesabu muda, na mimi nikajiongezea dakika mbili.

Nilimfunga. Kwa kinyozi sijarudi bado, nywele zimefika masikioni.