Tulivyoiziba Nyumba kwa Ajili ya Mtoto Njiti

Binti yetu wa kwanza alizaliwa njiti, mwezi wa tano, baridi ya milimani ikiwa inaanza. Mke wangu alibaki naye hospitali mjini. Mimi nilirudi kwetu kuandaa nyumba.

Kabla sijaondoka, nesi aliniuliza tunaishi wapi. Nikamwambia Uluguru, kule juu tunakolima kabichi na karoti. Akaweka kalamu chini.

"Baba, huko mwezi wa sita na wa saba ni balaa. Kwa nini msikae mjini mpaka akue?"

Wakwe zangu wanapanga Mwembesongo, hapo mjini, lakini mmoja wao alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Nilipomweleza nesi hilo, akaniambia:

"Basi kazibe matundu. Ila mkaa usiingie chumbani, hata iweje. Mkijifungia nao, mnaweza msiamke."

Nyumba yetu ni ya tofali mbichi na haikuwa na dari. Kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono, na asubuhi ukungu uliingia hapo ukatanda juu ya chandarua. Sikuwahi kuona kama ni shida. Tulivaa sweta, tukalala.

Mama yangu, ambaye ni mjane na anaishi nyumba ya jirani, alikuja na ndoo ya udongo wa kichuguu bila kuitwa. Akaanza kukandika nyufa kwa viganja. Mimi nilijaza majani makavu kwenye mifuko ya salfeti, nikaishindilia chini ya bati. Dari tuliishona kwa turubai na mashuka ya zamani, tukaifunga kwenye kenchi za paa. Mama aliagiza sufi kutoka Mkuyuni, akashona kigodoro.

Kazi ilipokaribia kwisha, aliingia na jiko la mkaa, akaliweka kwenye kona ya chumba.

"Hili litakaa hapa."

"Mama, nesi amekataza."

"Nyie wote nimewalea na jiko."

Nikamweleza alivyosema nesi: chumba kikizibwa, moshi wa mkaa usioonekana unaua. Nilitegemea abishe. Badala yake alikaa kitandani, mikono bado ina udongo.

"Hata nyumba ikiwa na nyufa?" aliuliza.

"Nyumba yenye nyufa ina nafuu."

Akaniambia, kwa sauti ileile ya kuzungumzia mboga, kwamba kabla yangu alizaa mtoto mwingine. Mwaka huo baba alikuwa ametoka kupiga lipu nyumba nzima. Asubuhi moja ya mwezi wa saba mama aliamka kichwa kinamgonga, na mtoto hakuamka. Watu walisema ni baridi. Yeye mwenyewe alisema hivyo miaka yote.

Sikuwa najua habari za mtoto huyo. Nikasema, "Pole, mama."

"Nimeshapoa," alijibu. Akanyanyua jiko, akatoka nalo.

Jioni alirudi na wazo. Tukasogeza kitanda kwenye ukuta unaopakana na jiko la kuni, ambalo moshi wake unatokea nje. Niliweka kiganja ukutani, nikasikia uvuguvugu. Juu ya mlango tukaacha tundu moja la hewa.

Mtoto aliletwa mwezi wa sita. Mke wangu alikuwa amefundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa amefungwa kwa khanga. Akichoka, nilimpokea mimi, nikavaa koti juu yake. Majirani waliokuja kutusalimia walicheka kuona mwanamume amejifunga hivyo. Mama hakucheka. Zamu yake ilipofika, alikaa wima kwenye kigoda, macho kwenye pua ya mtoto.

Mwezi wa saba ukungu uligoma kuondoka hadi mchana, na mashamba ya kabichi hatukuyaona. Mtoto alinyonya na kulala.

Baridi ilipokatika tulimteremsha mjini kupimwa, na mama alitaka kwenda. Nesi alipomweka mtoto kwenye mizani, mama aligeuka akatazama ukutani mpaka aliposikia kilo zimeongezeka. Wakati wa kurudi, tulipofika mwisho wa barabara ya gari, mama alimchukua mtoto kwa mke wangu, akapanda naye mlima. Waliomwamkia njiani aliwaitikia huku anatembea.