Wimbo Usio na Pa Kuitikia

Habari za kifo cha Mwalimu zilinikuta katika duka la pembejeo mjini Kitale, nikigombana na mwenye duka juu ya mbegu za mahindi zilizokataa kuota. Aliyepiga simu alikuwa mwigizaji wake wa zamani, siku hizi mama mwenye kibanda cha mitumba kule Tuwan. "Si umesikia? Mwalimu ametuacha. Ni presha, bana. Ameanguka tu asubuhi akinyoa ndevu." Niliacha mbegu juu ya kaunta nikatoka nje. Mmezoea kunisoma nikiwa na hasira, wasomaji wangu, lakini leo sina hasira ya kuwapa. Nimelia, na bado sijamaliza kulia.

Wengi wenu hamkumjua. Alifundisha Kiswahili na kuongoza michezo ya kuigiza shuleni miaka yake yote ya kazi. Alipostaafu, badala ya kurudi kwao Kabuchai kulima miwa kama wenzake, alikusanya vijana wa mitaa ya Tuwan na Kipsongo waliokuwa wakishinda wakitafuta vibarua, akawapa ahadi moja: watakula kwa sauti zao. Hakutaka waishi kwa mfadhili, wala kwa kuwaimbia wanasiasa mikutanoni. Alitaka wale kwa tiketi. Na ili tiketi zinunuliwe, alisema, lazima tulete kitu kikubwa. Akawaandikia wenye tamthilia moja ya nyimbo za Kiingereza kutoka ng'ambo, nao wakamruhusu kuionyesha, kwa sharti kwamba asibadilishe neno wala sauti hata moja. Nilimtania kwamba ameomba ruhusa kwa watu wasiojua kama Kitale ipo. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Wewe andika safu yako gazetini," akaniambia, "mimi nawaletea dunia hapa hapa."

Kitale, siku ya kwanza, ukumbi wa kanisa ulijaa, maana nusu yetu tuliingia bure. Walimu na maofisa wa kaunti tulipiga makofi ya heshima, tukaenda zetu. Siku ya pili, ilipokuwa lazima kulipa, vijana waliviimbia viti. Ikabaki Bungoma. Huko ni kwao, na watu walinunua tiketi kwa sababu ni mtoto wao. Ukumbi ukafurika kwelikweli. Kabla ya pazia kufunguliwa aliwaambia vijana wake kwamba Bungoma ikikubali, watazunguka magharibi yote, na kwamba ikikataa, kikundi kitavunjika. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwona akifunga kifungo cha koti, akikifungua, akikifunga tena.

Katika mchezo ule kuna msichana anayekufa huku akiimba wimbo mrefu, kisha mwishoni anainuka na kuimba pamoja na wote. Alipoanguka, mama mmoja wa safu ya mbele, jirani wa Mwalimu kutoka Kabuchai, akasimama na kupiga nduru. Wa pili akafuata, wa tatu, kisha safu nzima. Msifikiri hawakujua kwamba ni mchezo. Walijua. Lakini wimbo ulikuwa wa msiba, na kwetu mtu anayekaa kimya mtoto wa watu akiwa amelala chini ndiye wa kwanza kuulizwa anajua nini kuhusu kifo hicho. Wakapanda jukwaani wakiomboleza kwa zamu, huku ukumbi ukiwaitikia. Yule mama akavua leso yake, akamfunika msichana taratibu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile katika ukumbi wowote.

Mwalimu akachukua kipaza sauti. "Wazazi wangu, tafadhali, rudini mkae. Mchezo una utaratibu wake."

"Ati nikae?" Mama aligeuka. "Mtoto amelala hapo chini na wewe unaniambia nikae? Mwalimu, nyimbo zako ni tamu sana, hatukatai. Lakini si utuambie, sisi tunaitikia wapi?"

Mwalimu akashusha kipaza sauti. Mama akachukua leso yake, wakashuka, na wengi wakapitiliza mpaka nje. Marehemu wa mchezo alipoinuka kuimba wimbo wa mwisho, waliobaki walitazama sakafu, kwani mtu aliyekwisha kuliliwa hainuki hivi hivi.

Tangu hapo nimewasikia wajuzi wakisema kwamba michezo ya nyimbo kutoka nje haiwezi kuuzika huku kwetu. Ati watu ni maskini, ati Kiingereza ni kigumu. Mimi nakataa. Watu hao hao wakienda harusini humbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso mpaka asione njia. Nyimbo za kanisa nazo zilitoka ng'ambo, na leo nyanya yangu anaziimba utadhani zilitungwa Kimilili, kwa sababu tuliziwekea ngoma, tukaziwekea pa kuitikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye akubali kuketi tulipomwekea kiti. Nilimwambia hayo. Akaniangalia kwa upole. "Niliweka sahihi. Nikibadilisha, nitakuwa nimewafundisha hawa watoto wizi." Alikuwa mwaminifu, na uaminifu huo ndio uliomvunja. Vijana walitawanyika, yeye akafunga mlango wake, na sikumsikia tena hata akipiga mluzi.

Tulimzika Jumamosi kule Kabuchai. Yule mwigizaji aliyenipigia simu, ambaye ndiye aliyekuwa msichana anayekufa mchezoni, alisimama kando ya jeneza akaanza wimbo ule ule wa kufa. Mwisho wa mstari wa kwanza akainamia jeneza akilia. Hapo mama wa leso akaingia na kiitikio cha msiba kwa Kibukusu, na boma lote likamfuata. Mwigizaji akaelewa. Kuanzia hapo, kila mwisho wa mstari alituachia nafasi, nasi tukaijaza. Vijana wa Kipsongo wakatoka kwenye umati mmoja mmoja, kila mtu akishika sauti aliyofundishwa. Noti zikaanza kutupwa ndani ya karai bila mtu kuomba, na watu wakataka wimbo urudiwe. Mchezo wa Mwalimu ukawa umeuzika. Katika boma lote lile aliyenyamaza ni Mwalimu peke yake.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kama cha mbali kinaweza kupendwa hapa, nawajibu kwamba kinaweza. Kileteni. Ila ombeni ruhusa ya kuacha nafasi mwisho wa mstari kabla ya kuweka sahihi, na mama wa safu ya mbele akisimama, msimguse. Nawe, Mwalimu, tuliitikia. Watu wote walisimama, na hapakuwa na mtu wa kutuambia tukae.