Shtaka la Utoro

Mkuu wa mafundi katika gereji ya serikali nilikofanya kazi, kule mtaa wa Gikondo, hakupendwa na mtu, na sidhani kama aliwahi kuona kwamba kupendwa ni sehemu ya kazi yake. Alikuwa mrefu, mkavu, ovaroli yake ya buluu imepigwa pasi mpaka mikono ina mstari. Kila asubuhi alisimama ndani ya lango. Fundi aliyechelewa hakugombezwa. Alipewa ufagio, akafagia uwanja mzima wa magari huku wenzake wakimtazama. Niliwahi kumwona fundi mmoja mzee, mtu mwenye wajukuu, akifagia hivyo mvua ikimnyeshea, kwa kuwa mkewe alikuwa ameamka mgonjwa. Mzee alijitetea kwamba jana yake alimwambia mkuu kwamba huenda akachelewa. Mkuu akamjibu kwamba ruhusa ya mdomo si ruhusa.

Mimi nilikuwa katibu wa mkurugenzi. Dirisha langu lilitazama uwanja, kwa hiyo niliona na kusikia mengi nisiyoyataka. Ofisini tulitumia Kifaransa, lakini mafundi kati yao walizungumza Kiswahili, na mimi nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili, Kiswahili nimekinyonya. Walikuwa wakija mlangoni kwangu kunong'ona kwamba yule shefu, yaani mkubwa wao, hana moyo. Aliyemchukia kuliko wote alikuwa zamu, yaani mlinzi wa lango. Siku moja alimwazima binamu yake jeki ya gereji kwa alasiri moja tu. Kesho yake mkuu alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, jeki begani, akamuuliza ni mali ya nani. Zamu akasema ya serikali. Akamuuliza tena, na tena, na kila mara zamu akajibu vilevile. Hakuna aliyethubutu kumpokea ile jeki.

Lakini sheria zile alijipima nazo mwenyewe pia. Alipofiwa na mtoto mchanga, alizika asubuhi, na mchana tukamwona chini ya lori, udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu. Nilimpa pole. Alinishukuru, kisha akaniomba nimfikishie mkurugenzi habari kwamba amerudi kazini.

Oktoba ya mwaka 1990 vita vilianza kaskazini, waasi, wengi wao wana wa Watutsi waliokimbilia Uganda, walipovuka mpaka, na katika siku chache tu mji ulijaa askari. Watutsi walikamatwa majumbani na makazini, wakiitwa washirika wa adui. Mkuu wa mafundi alikuwa Mtutsi. Kitambulisho chake kilisema hivyo, na kabla ya hapo sikumbuki mtu yeyote pale gereji akilisema neno hilo kwa sauti. Askari waliingia kabla ya mchana na gari ambalo mafundi wetu walikuwa wamelitengeneza wiki hiyo hiyo. Hawakumpiga pale. Walimshika mikono tu, wakamwelekeza garini.

Alisimama. Mkurugenzi alikuwa ametoka nje hadi kwenye ngazi, karibu kabisa na dirisha langu. Mkuu wa mafundi akamgeukia, akamwomba ruhusa ya kuondoka kazini.

Mkurugenzi alitazama askari, akatazama viatu vyake. "Nenda," alisema.

Wakamchukua. Kwanza aliwekwa kwenye uwanja wa mpira pamoja na maelfu wengine, chini ya jua, baadaye gerezani. Mkewe alikuja gereji mara kadhaa kuuliza kama tuna habari. Mkurugenzi hakumpokea. Mimi nilitoka nikasimama naye kwenye ngazi.

Aliachiwa masika yaliyofuata, bila kesi na bila maelezo. Hakupumzika hata siku moja. Asubuhi iliyofuata alikuwa langoni, ovaroli ileile, imefuliwa na kupigwa pasi, ila sasa ilimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Zamu akamzuia. Alikuwa na amri mpya, na alikuwa ameingoja.

Kumbe mkurugenzi alikuwa amekwisha kumfungulia shtaka la utoro kazini. Sheria ya watumishi wa serikali ilikuwa wazi: asiyeonekana kazini muda mrefu bila ruhusa hufikishwa mbele ya baraza la nidhamu, na baraza likiridhika, hufukuzwa. Mtu angedhani kwamba kufungwa na serikali hiyohiyo ni udhuru. Baraza halikuulizwa alikuwa wapi. Liliulizwa kama alikuwepo.

Walikaa watatu ofisini kwa mkurugenzi, yeye mwenyewe katikati, na mimi pembeni nikiandika. Mkuu wa mafundi alisimama. Hakuna aliyemwambia akae, na kiti kilikuwepo. Wakamsomea shtaka. Akaulizwa kama alikuwepo kazini katika miezi ile.

"Sikuwepo," alisema. "Lakini niliomba ruhusa nilipokuwa naondoka, na nikapewa."

Mkurugenzi akamuuliza kama anayo hiyo ruhusa mkononi. Alijua anachouliza. Kama sisi sote, alikuwa amekwisha kuyasikia maneno ya mkuu wa mafundi pale uwanjani, miaka nenda rudi, na sasa alimwekea maneno hayohayo mbele yake kama sahani.

Nilinyoosha mkono. Nilisema nilikuwa dirishani siku ile na nilisikia ruhusa ikitolewa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. Mkurugenzi hakukasirika. Alinieleza kwa upole, mbele ya wote, kwamba katibu huandika, hasemi, kisha akaniomba nitoke na kumwita mwenzangu aendelee. Nilipokuwa nafika mlangoni nilimsikia mkuu wa mafundi akijibu swali lake.

"Ni kweli, bwana mkurugenzi. Ruhusa ya mdomo si ruhusa."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anakiri au anawahukumu. Nadhani alikuwa anasema tu anachokiamini. Jioni hiyo alikuwa amefukuzwa, na mimi nilihamishiwa stoo ya vipuri, ambako hakukuwa na dirisha.

Alikata rufaa wizarani. Na kwa kuwa kwa maoni yake mtumishi aliyekata rufaa bado ni mtumishi mpaka ajibiwe, alikuja kazini kila asubuhi. Alisimama nje ya lango, ameinyoosha ovaroli yake, kabla hata zamu hajafungua. Mafundi walimpita. Wengine walimsalimia bila kumtazama, wengine walipita kama wanapita nguzo. Mchana alirudi nyumbani, alasiri akaja tena, na jioni aliondoka pamoja na kengele ya kufunga kazi.

Mkurugenzi alichoka kumwona. Akatuma amri kwamba ovaroli ni mali ya serikali na irudishwe. Aliyepewa kazi hiyo ni zamu, na zamu alisubiri mpaka mafundi wote wawe wamefika. Sisi wa stoo pia tulitoka kuangalia.

"Muzee, hiyo nguo iko ya nani?" alimuuliza.

Zamu akarudia, mara hii akicheka kidogo, na watu wakaanza kucheka naye kwa sababu kila mtu alikumbuka ile jeki.

"Ya serikali," mkuu wa mafundi alijibu.

"Basi toa."

Alifungua vifungo mwenyewe. Hakuruhusu aguswe. Alibaki na singlendi na kaptura, na alipoinama kuikunja ovaroli, singlendi ilipanda na tukauona mgongo wake. Gerezani walikuwa wamempiga kwa kitu chenye meno. Aliikunja nguo vizuri, mikono ndani, kola juu, akampa zamu kwa mikono miwili.

Ndipo yule fundi mzee mwenye wajukuu akatoka katikati ya watu na ufagio. Akaupitisha kwenye nondo za lango. "Umechelewa leo, shefu," alisema.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mkuu wa mafundi aliushika ufagio, akautazama, kisha akaanza kufagia pale nje ya lango, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo, jinsi alivyowafundisha wengine. Ningependa kuandika kwamba kicheko kilikatika. Hakikukatika. Watu walicheka mpaka alipomaliza, na alipoondoka barabarani na kaptura yake kuna waliomsindikiza kwa miluzi.

Sikumwona tena kwa muda mrefu. Nikasikia anatengeneza magari kando ya barabara ya Gatsata, na siku moja nilipokuwa na safari ya upande huo nilishuka nimsalimie. Alikuwa na boksi la spana na kipande cha turubai juu ya vijiti viwili. Alinipa ndoo niikalie. Hakuuliza habari za mkurugenzi wala za rufaa, ambayo haikujibiwa kamwe. Aliuliza kama watu wanafika kazini mapema. Nilimwambia kwamba siku hizi kila mtu anafika anapotaka. Uso ulimbadilika kwa uchungu wa kweli, na akakigeukia tena chuma alichokuwa akikitengeneza.

Aliuawa Aprili 1994, Watutsi walipokuwa wakiuawa nchi nzima, kwenye kizuizi cha barabarani kilichokuwa hatua chache kutoka pale penye turubai, yeye na wanawe wawili. Waliomuua walikuwa wateja wake. Mkewe alikuwa amefichwa kwa jirani na akawasikia wakibishana juu ya nani achukue spana.

Mwisho wa mwaka huo, waasi wakiwa sasa ndio serikali, gereji ilifunguliwa tena, na mimi niliitwa kwa sababu nilijua kupiga taipu. Ofisi zilikuwa hazina milango, na faili zilikuwa zimegeuzwa kuni. Mkubwa mpya alikuwa kijana aliyekulia Uganda, mpole, mwenye bidii. Mjane alikuja akaomba kuonana naye. Nikamwingiza, na kwa kuwa hawakuelewana vizuri lugha nikabaki kuwasaidia.

Alisema hataki kitu chochote. Anataka serikali ifute neno utoro kwenye jina la mume wake. "Hakutoroka," alisema. "Walimtoa hapa wenyewe."

Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwamba mimi nilikuwepo, na niko tayari kuapa. Alikuna paji la uso. Akasema anatuamini sote wawili, ila hawezi kufuta uamuzi ambao haupo. Karatasi zote zimeungua, na kwa jinsi mambo yalivyo sasa, kiserikali, mtu huyo hakuwahi kuajiriwa hapa.

Nilimtafsiria mjane. Ilinibidi nirudie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimekosea. Kisha alisimama, akampa mkubwa mkono, akamshukuru kwa muda wake. Nje aliniuliza kama kuna gari la kwenda Gatsata saa hizo. Nilimwambia magari bado hayajaanza kupita, akafunga kitambaa chake vizuri na kuondoka kwa miguu.